Tani Ngapi

Miaka thelathini na mmoja alikaa juu,
ndani ya kibanda cha kioo, gati la kumi na tatu, Kilindini,
Shebwana wangu na mkono wake wa chuma,
akiteremsha makontena kama mtu alazaye mtoto.
Pensheni ilipotoka hakutaka shamba, hakutaka duka.
"Twende Misri," akasema, kinywa kimejaa mahamri.
"Nataka kujua ni nani aliyeyainua yale mawe."

Nikamuuliza Bi Rukia wa madrasa
kama yafaa kuingia nyumba ya masanamu.
Akasema: tazama, usitamani;
na uniletee shanga.

Meli ilikuwa na zulia hadi mlango wa choo.
Na maji, jamani! Kushoto maji, kulia maji,
matamu, ya bure, yakienda zake,
na mimi nimeacha Tudor mfereji wakohoa hewa,
madumu kumi na mawili yamepanga foleni uani kama wagonjwa.
Siku ya kwanza nalioga mara tatu.
Mpishi alitupa maharage yasiyoonja nazi tangu kuumbwa.
Nikayasamehe.

Pana mahali meli husubiri kufunguliwa mlango wa mto.
Wachuuzi wakatujia na vidau, wakirusha nguo,
na joho la buluu likaruka ghorofa tatu likaniangukia usoni.
Bei kwa kelele, jibu kwa kelele.
Mimi nimelelewa Marikiti; walichoka wao.
Pesa nikazifunga ndani ya soksi ya Shebwana, nikatupa.

Hekaluni wenzetu waliinua simu.
Yeye aliinua kidole gumba, jicho moja kalifumba,
yuwapima.
"Tani ngapi hii?"
Girgis, kijana wa kutuongoza, akaanza na mfalme,
akaja kwa mke wa mfalme, akaja kwa mungu wa kichwa cha mwewe.
"Sawa, mwanangu. Lakini tani ngapi?"
Nguzo zile hazina haya: watu sita wakumbatie,
mikono haikutani.
Girgis akasema: mchanga, matofali ya udongo, kamba, na watu.
"Watu wangapi?"
"Wengi."
"Na aliyeangukiwa?"
Girgis akatazama saa.

Kila ukuta Firauni ni mkubwa, wengine wamfika gotini.
Jina lake limezungushiwa duara
na kuchimbwa ndani, ngumi yaingia,
asije mwingine akalifuta.
Shebwana akapita nyuma, kusiko na picha,
akaniita kwa mkono.
Ubavuni mwa jiwe mlikuwa na mfuo mwembamba, laini.
Kamba ilipita pale, ikapita, ikapita.
Akatia kidole.
Tangu hapo hakuuliza tani.

Usiku nalimkuta sitahani, macho makavu.
"Mwachiro wa gati la tisa," akasema,
"ile waya ilipokatika,
walitangaza meli itachelewa saa nne."
Basi.
Nikamfunika joho la buluu.
Chini yetu maji yakaenda zake.

Tumerudi. Bi Rukia ameziangalia shanga,
asema zimetoka Uchina.
Tumejenga tangi la simenti uani;
Kazungu fundi alimaliza lipu alasiri, akachukua chake, akaenda.
Nalitoka kuanua nguo
nikamwona mtu mzima wa miaka sitini na mmoja
amechutama nyuma ya tangi, upande wa ukuta,
pasipofika jicho la mgeni,
na msumari.

MWACHIRO.
Chini, kwa herufi ndogo: Shebwana, kreni ya saba.
Kisha akaizungushia duara, limepinda kama yai.

Hakunisikia. Mfereji ulikohoa, ukanyamaza.
Nikangoja aende msikitini,
ndipo nami nikainama na kutia kidole.
Simenti ilikuwa ingali mbichi.